Kwanza Muulize Kijiji: Barua kwa Mpwa Wangu Aliyeko Dar es Salaam

Somanda, Bariadi

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata, ule wa wauzaji wa vyakula hai wanaopokea oda kwa simu na kukuletea kapu hadi mlangoni, nawe wataka kujua kama ni jambo la maana kwa mtu mwenye watoto wadogo au ni kupoteza pesa. Jibu langu ni kwamba uagize, lakini kwa muuzaji anayeweza kukutajia kijiji kilikotoka chakula, kikundi kilicholima, na mtu aliyekagua shamba. Asiyeweza kutaja hayo anakuuzia picha nzuri na nauli ya bodaboda tu, hata akipandisha bei namna gani.

Nakwambia hivi kwa sababu uhai wa chakula hauonekani kwa macho. Sokoni mtu anaweza kubonyeza parachichi, kunusa papai, au kukata ncha ya bamia aone kama imekomaa. Hakuna kidole wala pua inayoweza kutambua kama nyanya ilipuliziwa dawa juzi au mwezi uliopita. Ule unga mweupe unaobaki karibu na kikonyo unauona na kuusugua, lakini zipo dawa zinazoingia ndani ya mmea, na hizo hata ukiosha kwa maji ya chumvi hazitoki. Kila kiuatilifu kina idadi ya siku ambazo mkulima anatakiwa kungoja kati ya kupuliza na kuvuna, na zimeandikwa kwenye kibandiko cha chupa. Kama zilifuatwa au hazikufuatwa, anayejua ni mkulima mwenyewe na jirani yake wa shamba. Ndiyo maana ukinunua chakula hai unanunua ushahidi wa watu waliokuwepo shambani, na simu peke yake haina ushahidi huo. Inaweza kukufikisha kwa mashahidi, na inaweza pia kuwaficha.

Najua utaniambia: mjomba, si basi niletewe chakula cha kwetu Simiyu tu, maana vijijini hatutumii madawa? Hapo ndipo wengi wa mjini wanapokosea. Mkoa wetu unaongoza kwa pamba nchini, na pamba ni zao linaloandamwa na wadudu, funza wa vitumba akiwa mbele yao. Msimu wa kupuliza, zile chupa ndogo za dawa ya pamba, ekapaki, zinafika karibu kila kaya inayolima. Chupa ikibaki na dawa ndani, na nyanya au mchicha uko hatua chache kutoka shamba la pamba, kuna wanaomalizia humo, ingawa dawa ile haikutengenezwa kwa ajili ya mboga. Siwalaumu sana, maana mtu hulinda anachotegemea kulisha wanawe, na wengi hawajaelezwa vya kutosha. Lakini usiseme kwamba kila kinachotoka shamba ni hai kwa kuwa kimetoka shamba.

Mkoa huohuo, hata hivyo, unatupa ushahidi wa upande wa pili. Wilayani Meatu, tangu mwaka 1994, wakulima waliojiunga na mradi wa bioRe wamekuwa wakilima pamba bila viuatilifu vya viwandani wala mbolea za chumvichumvi. Wanapanda alizeti pamoja na pamba ili kuwavuta wadudu. Mkulima anasajiliwa, shamba lake linakaguliwa, na pamba yake inatunzwa mbali na pamba nyingine hadi kiwandani, naye analipwa nyongeza juu ya bei ya kawaida. Mnunuzi wa shati la pamba hiyo kule Uswisi hajawahi kukanyaga kijiji cha Mwamishali, lakini neno linalomfikia lina mnyororo wa watu wanaoweza kuulizwa. Kama hilo limewezekana kwa pamba inayovuka bahari, muuzaji wa mchicha wa Dar es Salaam hana udhuru wa kushindwa kukwambia mchicha wake umelimwa wapi.

Wala hatuanzi na mikono mitupu. Nchi za Afrika Mashariki zilipitisha kiwango cha pamoja cha mazao ya kilimo hai mwaka 2007, na alama yake inaitwa Kilimohai. Chama cha TOAM kinawaunganisha wadau wa kilimo hicho hapa nchini, na Novemba 2023 Serikali ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai. Pingamizi la haki ni kwamba cheti cha kampuni za ukaguzi ni ghali, na mkulima wa ekari moja hawezi kukilipia. Ni kweli, na kwa sababu hiyo upo utaratibu wa wakulima wa kikundi kimoja kukaguana wenyewe, kuweka kumbukumbu, na kumwajibisha anayekiuka. Mimi nauamini kuliko watu wengi wanavyouamini. Mkaguzi wa kampuni huja mara chache kwa mwaka, ila jirani anapita kando ya shamba lako kila siku na harufu ya dawa haimpiti.

Sasa upande wa usafiri, ambao wengi hawaupimi. Kumfikishia mtu chakula nyumbani ni biashara ngumu. Jumia, kampuni ya kuuza bidhaa mtandaoni, pamoja na ukubwa wake, ilifunga shughuli zake Tanzania mwaka 2019, na huduma yake ya chakula ikasimamishwa Kenya na Uganda mwishoni mwa 2023. Kapu moja la mboga lina faida ndogo, na foleni ya Dar unaijua wewe kuliko mimi. Muuzaji anayebanwa na gharama hushawishika kuchanganya: mchicha wa kikundi ukiisha asubuhi, anajazia wa sokoni, na picha kwenye simu inabaki ileile. Kwa hiyo tenganisha vikavu na vibichi. Dengu, choroko, mtama, asali, na viazi vitamu vilivyokaushwa, yaani michembe na matobolwa, vinaweza kusafiri kutoka Bariadi zaidi ya kilomita 1,000 kwenye buti la basi bila kuharibika. Dengu hasa ni zao zuri kwako, kwa kuwa hupandwa kwenye mbuga mwishoni mwa mvua na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Lakini usiishie kuuliza zililimwaje, uliza pia zilihifadhiwaje. Nafaka na kunde nyingi huchanganywa na dawa ya unga ghalani, wakati ipo mifuko isiyopitisha hewa inayoua wadudu bila dawa yoyote.

Mboga za majani zitafute karibu na wewe, na huko karibu uwe mwangalifu kuliko kawaida. Bustani za bonde la Msimbazi zinamwagiliwa maji yanayopokea taka za jiji, na mboga isiyopuliziwa dawa hata tone bado inaweza kubeba madini mazito kutoka kwenye maji hayo. Muuzaji akisema tu kwamba hatumii dawa, hajamaliza kujibu. Morogoro, mnakotoa mboga nyingi, shirika la Sustainable Agriculture Tanzania (SAT) limekuwa likiwafundisha wakulima kilimo hai kwa miaka mingi, na mazao ya wakulima hao yanapata soko. Hapo ni mahali pema pa kuanzia kuulizia.

Umenieleza pia kwamba unamwonea huruma mama wa genge la mtaani kwenu, kuwa ukihamia kwenye simu utamnyima riziki. Huruma hiyo ni njema, usiiache. Ila si lazima umwache yeye. Ana simu, anapokea pesa kwa simu, na anajua lori la nani limeshusha nini alfajiri. Mkiwa akina mama watano mnaomwomba bidhaa ya kikundi kinachojulikana, mkamlipa bei yake, ataitafuta, na ataileta kwenye nyumba zote tano kwa mkokoteni mmoja. Na kama mfuko haukuruhusu kununua kila kitu hai, usijitese. Anza na vile watoto wanavyokula kwa wingi kila siku, na vile vinavyoliwa pamoja na maganda yake.

Kabla hujatuma pesa mwezi huu, mwandikie muuzaji umuulize kijiji, kikundi, tarehe ya kuvuna, maji ya kumwagilia na namna ya kuhifadhi. Akijibu, agiza kidogo kwanza. Akikwepa, mwache, na unijulishe nikutafutie dengu na michembe huku. Wabusu watoto kwa ajili yangu.

Mjomba wako,
Somanda