Baina ya Majabali ya Maskati

Mgeni aingiaye Maskati kwa bahari hauoni mji wote kwa mtazamo mmoja, kama tuuonavyo mji wa Unguja tukiwa bado chomboni, na Ngome Kongwe na majumba ya mawe ya Forodhani yamejipanga ufukoni; huku majabali meusi, yasiyo mti wala jani, yameshuka hadi majini, na kila ghuba imejificha nyuma ya mlima wake.

Mwana wa shangazi yangu aliponizuru kutoka Unguja nilimtembeza Matrah, ambako muuza ubani mmoja sokoni, mara alipoisikia lafudhi yetu, alitujibu kwa Kiswahili cha Mjini akatupunguzia bei kwa ajili ya udugu (au kwa hila ya biashara, Mungu ndiye ajuaye). Kisha tukaenda Maskati ya kale, tukasimama mbele ya Kasri la Alam baina ya ngome za Jalali na Mirani, walizozijenga Wareno miaka ya 1580, kabla hawajaanza ile ya Mombasa mwaka 1593. Na Waomani waliowafukuza hapa mwaka 1650 ndio hao hao walioitwaa ya Mombasa mwaka 1698, baada ya mazingiwa marefu. Juu ya majabali ya bandari yangalipo majina ya merikebu, yaliyoandikwa na mabaharia wake kwa rangi.

Zamani aghalabu watu walitoka Matrah kwenda Maskati kwa mashua. Leo barabara imepasua mlima, lakini mlima haujaacha kututenga, kwani kumzuru mgonjwa au kwenda matangani hapana budi uwashe gari. Mwenzangu, aliyezoea baraza ambayo kila aipitaye hutoa salamu, akaniuliza, “Kaka, watu wa huku hukutana wapi?” Nikamjibu: arusini na hitimani.

Walakini sithubutu kuidharau neema ya maji yasiyokatika na umeme usiozimika, maana wengi wausifuo Mji Mkongwe kwa mbali hawajapata kupandisha ndoo ngazi za ghorofa tatu. Mke wangu hataki kabisa kusikia habari za kuhama, kwa kuwa wajukuu wote wako Seeb. Nami kila mwaka napeleka fedha za kukarabati nyumba yetu ya Malindi, Unguja, ambayo paa lake, kwa maelezo ya fundi, halitaisha kuvuja.