Bodaboda wa Kibaha anayejifunza kwenda polepole

Kuna bodaboda mmoja Kibaha, kijiwe chake kiko Maili Moja, jina lake liachwe maana mwenyewe hajaomba umaarufu. Ana miaka 24. Mwaka jana ukimpanda kutoka Maili Moja kwenda Tumbi ulikuwa unashuka macho yanakutoka machozi kwa upepo, nauli unatoa haraka ili aondoke zake. Leo wenzake wanamwita Kobe. Ndo yule yule. Anafanya mazoezi ya kwenda polepole, tena kwa hela yake.

Ishu iko hivi. Kuna mashindano ya pikipiki huko kaskazini, siku tatu mfululizo, Ijumaa mpaka Jumapili, na safari hii wameweka kundi la pikipiki za kawaida, hizi hizi za cc 150 kushuka chini. Jamaa aliona tangazo kwenye status ya mteja wake mmoja. Kichwani akajua ni mbio. Zamu yake ya upatu wa kijiweni ilipofika akalipia kiingilio chote, halafu usiku ndo akakaa kusoma sheria. Hakuna mbio hata moja mule ndani.

Mchezo wenyewe unaitwa trayali. Unapewa kipande kifupi cha njia kimezungushiwa utepe: mawe, magogo, mizizi, mteremko wa tope. Unapita. Hakuna anayekukimbiza. Kuna mtu kasimama na karatasi, kazi yake kuangalia miguu yako tu. Ukigusa chini mara moja, pointi 1. Mara mbili, pointi 2. Tatu na kuendelea, hata uguse mara kumi, ni 3. Ukianguka, ukitoka nje ya utepe au ukashindwa kumaliza, unakula 5. Mshindi ni mwenye pointi chache. Sifuri ndo ufalme.

Wenzetu wameanza zamani haya mambo. Scotland, kwenye mji wa Fort William, kila mwezi wa tano kuna mashindano ya hivi ya siku sita. Kuna Mhispania anaitwa Toni Bou, ana mataji ya dunia zaidi ya 30 ukijumlisha ya nje na ya ukumbini, na kabla ya pikipiki alikuwa anacheza mchezo wa aina hiyo hiyo kwa baiskeli. Pikipiki zao hazina hata siti ya kukalia, na uzito wake ni kama kilo 70 hivi. Jamaa wa Maili Moja ana Boxer. Hiyo ni zaidi ya kilo 100, na siti ndefu iliyozoea mishikaki.

Na hiyo Boxer siyo yake.

Hapa ndo penye mzigo wenyewe. Pikipiki ni ya mkataba. Mwenye chombo ni mwalimu mstaafu, mama mmoja wa hapo hapo Kibaha, aliinunua kwa hela ya kiinua mgongo. Hesabu ni 10,000 kila siku kwa miezi 13, ukimaliza kadi inakuwa yako. Jamaa kabakiza miezi minne. Yeyote aliyewahi kuendesha kwa mkataba anaijua miezi ya mwisho: watu wanaendesha kama wamebeba trei la mayai, hata tope hawakanyagi. Yeye ndo kaamua kuipandisha kwenye magogo.

Sasa Kibaha imekaa na barabara ya Morogoro. Kijana akijifunzia pale anajua kunyoosha, kupenya katikati ya malori na kuwahi abiria wa mabasi. Kusimama juu ya pikipiki inayotembea taratibu kuliko mtu wa miguu hakuna anayekufundisha. Kwa hiyo kila Jumapili alfajiri jamaa anakata pale Kiluvya, anapita njia ya Mpuyani, anaibukia Kisarawe kwa bibi yake mzaa mama. Nyuma ya shamba la mihogo la bibi kuna korongo. Udongo mwekundu, mizizi ya miembe imetoka nje kama mishipa ya mzee, na mvua ikinyesha panakuwa sabuni. Msitu wa hifadhi wa Pugu na Kazimzumbwi hauko mbali na una miinuko ya kufa mtu, ila mule si pa kwenda kuchezea pikipiki. Korongo la bibi linatosha. Bibi mwenyewe alitazama mara moja tu akasema, "Mjukuu wangu, njia ile pale, mbona unapita shimoni?"

Anayeshika karatasi ni mchumba wake. Dada anauza chipsi Maili Moja, ana daftari la madeni, na kurasa za nyuma za lile daftari ndo zimekuwa rekodi. Mbele kuna "fundi viatu 2,500", nyuma kuna pointi. Walifunga kamba vipande kumi korongoni, kwa hiyo mabaya yote ni 50. Jumapili ya kwanza jamaa alipata 48. Yaani karibu kila mahali alianguka, na pale ambapo hakuanguka alitembea kwa miguu huku amekalia pikipiki.

Na dada hana huruma. "Umegusa." "Sijagusa, nimepapasa tu." "Umegusa, andika moja." Kuna Jumapili walirudi Kibaha kila mtu kanuna, kisa kidole gumba cha mguu wa kushoto. Ila ndo kamsaidia, maana mwamuzi wa kaskazini hatakuwa anampenda.

Ufundi wa pikipiki anao mzee mmoja pale pale Kisarawe. Enzi zake alitengeneza zile Honda XL na Yamaha DT za mabwana shamba, anajua njia mbaya inafanya nini kwenye chuma. Kitu cha kwanza alibadilisha spoketi, mbele akaweka ndogo, nyuma kubwa. Hapo pikipiki inapata nguvu ya kupanda taratibu bila kuzima, lakini spidi inakufa. Kitu cha pili akapunguza upepo kwenye tairi ili ling'ang'anie mizizi. Wenye pikipiki maalumu wanashusha upepo mpaka tairi linabonyea kwa kidole. Huku kwetu, kwa tairi za barabarani na tyubu, walishusha kidogo tu, na bado siku hiyo hiyo tairi la nyuma likazunguka peke yake ndani ya ringi likang'oa valvu. Wakaongeza kidogo. Wakajaribu tena.

Shida ikaja Jumatatu. Ukiwa na spoketi za korongoni kwenye lami ya Morogoro, injini inalia tu na huendi popote. Mteja mmoja alimwambia, "Kaka, hii pikipiki au mashine ya kusaga?" Wiki hiyo mafuta yalikula faida yote na hesabu ilitoka kwa taabu. Tangu hapo Jumamosi usiku anafunga za korongo, Jumapili jioni anarudisha za kazi. Kila wiki. Mikono inanuka grisi mpaka dada wa chipsi kamkataza kugusa ndoo ya viazi.

Mzee naye kaweka sharti lake: hagusi tena. Anakaa kwenye kigoda anaelekeza, jamaa anafungua mwenyewe. Alimwambia kwenye mashindano ya siku nyingi fundi hatembei na wewe. Na ni kweli. Yale makubwa ya siku sita yaliyoanza England mwaka 1913, ambayo leo yanaitwa enduro, mpaka sasa mwendeshaji anatengeneza pikipiki yake kwa mikono yake. Bodaboda wengi wa mjini tairi likipasuka wanasukuma mpaka kwa fundi, halafu wanakaa kuchezea simu. Jamaa alikuwa hivyo. Mara ya kwanza kubadilisha tyubu peke yake ilimchukua dakika 41, na akaitoboa ile mpya kwa chuma cha kutolea tairi. Sasa hivi yuko dakika 14, dada kashika saa.

Mzee ana stori yake anayoirudia kila wiki. Safari Rally ilianza 1953, ikikatiza Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1966 na 1967 aliyeshinda mfululizo ni Bert Shankland na Peugeot 404, mtu aliyekuwa anaishi Tanzania. Lakini anachokipenda zaidi ni 1963 na 1968. Kila mwaka kati ya hiyo yalianza magari zaidi ya 80 na yakamaliza 7 tu. Anavyosimulia utadhani aliyasukuma yeye. Hoja yake ni moja, jamaa aache kuwaza kombe, awaze Jumapili jioni pikipiki ikiwa bado ina magurudumu mawili.

Hilo lilimwingia baada ya jaribio la siku tatu. Aliomba ruhusa ya uongo ("msiba wa upande wa mama"), akatoa hesabu za siku hizo mfukoni, akaenda kulala Kisarawe Alhamisi. Ijumaa akapata 21. Jumamosi 26. Jumapili 39. Mkono wa kushoto haukuwa unafunga tena, klachi anaivuta kwa vidole vinne na bado inamponyoka, harufu ya klachi kuungua mpaka bibi akatoka jikoni kuuliza nini kinaungua. Kumbe siku mbili za kwanza alikuwa anapigania kila kipande kama fainali.

Dawa yake ilimuuma kuliko malengelenge. Kuna vipande vigumu ambavyo inabidi ushushe miguu kwa makusudi, utembee, uchukue 3 zako uondoke, kuliko kulazimisha sifuri ukala 5 na kuvunja hendeli. Kwa kijana aliyekuwa anasimamia tairi moja mbele ya stendi watu wakipiga miluzi, kushusha miguu huku mchumba anaandika "3" bila kuinua kichwa ni kitu kizito. Kijiweni walivyosikia wakacheka wiki nzima. "Yaani umelipa kiingilio uende ukatembee?" Lakini jaribio la pili la siku tatu lilikuwa 24, 23, 25. Mzee alitikisa kichwa tu akaomba chai.

Halafu ikaja video. Mdogo wake alimrekodi anapanda mizizi ya mwembe, sekunde 18, akairusha TikTok bila kumuuliza. Ikatembea. Kibao cha namba kinaonekana kama mchana. Siku ya pili simu ya mwalimu ikaingia.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ile pikipiki iliyopanda mti ni ipi?"

Alienda nyumbani kwake jioni hiyo hiyo, kofia ngumu mkononi, akijua kadi imeota mbawa. Akasema ukweli wote, mpaka ule msiba. Mwalimu alimsikiliza, akamuuliza pointi zinahesabiwaje, akauliza tena kuhusu ile 3 ya makusudi. Kisha akakaa kimya muda mrefu. Yule mama hana shamba wala duka, ile 10,000 ndo sokoni na ndo dawa ya presha. Hapa wadau lazima mgawanyike, wapo watakaosema ana roho ngumu, lakini ni nani angempa kijana kiinua mgongo chake akacheze nacho matopeni?

Alikubali kwa maandishi. Wakaenda ofisi ya serikali ya mtaa, ikaandikwa na kugongwa muhuri: hesabu za siku tano zilipwe kabla ya kuondoka, siku tatu za mchezo na mbili za njiani. Kitakachovunjika ni juu ya kijana. Na ikiharibika kabisa, deni la miezi minne linabaki pale pale, pikipiki iwepo isiwepo. Mtendaji alimwuliza mara mbili kama ameelewa. Akasaini. Mchumba akasaini kama shahidi, na wanasema mkono wake ndo uliotetemeka.

Jumatano walipakia Boxer kwenye canter inayorudi kaskazini tupu. Mwalimu alikuja na simu yake, akaipiga picha kila upande, tenki, taa, chini ya injini, hata ile michubuko ya zamani akaisogelea. Akasema, "Haya, nenda mwanangu, na ule vizuri." Mchumba hakwenda, viazi vilishamenywa.

Hawajafika hata Mlandizi simu yake ikaita. "Vyuma vya kutolea tairi umechukua?" Jamaa akasema amechukua. "Umeviona kwa macho, au unajua tu?" Ikabidi amwombe dereva asimame pembeni, apande nyuma akaangalie.