Kicheko Kinapokoma Mkahawani



Juma hili tunawaalika tutafakari pamoja juu ya filamu iliyowagawanya watazamaji tangu siku zake za mwanzo: Fear and Loathing in Las Vegas. Iliongozwa na Terry Gilliam, ikaoneshwa mwaka 1998 katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Chanzo chake ni maandishi ya mwanahabari Mmarekani Hunter S. Thompson, yaliyotoka kwanza katika jarida la Rolling Stone mwaka 1971. Mwanahabari Raoul Duke, aliyeigizwa na Johnny Depp, na wakili wake Dr. Gonzo, aliyeigizwa na Benicio del Toro, wanaingia Las Vegas na gari lililosheheni dawa za kulevya za kila namna. Wanalewa, wanaharibu vyumba vya hoteli, kisha wanatoweka.

Katika majumba ya sinema filamu hiyo ilianguka. Iligharimu zaidi ya dola milioni 18, nayo ikavuna kama milioni 10 tu nchini Marekani. Wapo wahakiki walioilaani, miongoni mwao Roger Ebert. Lakini ilipoingia majumbani, ilipata watu wake. Mwaka 2003 kampuni ya Criterion ilitoa DVD ya diski mbili, yenye maelezo ya mwongozaji, ya waigizaji na ya Thompson mwenyewe. Kilichokataliwa ukumbini kikawa kitu cha kutunzwa rafuni.

Basi tujiulize: watu hao walipenda nini? Wapo waliopenda ulevi wenyewe, na vituko vyake. Wapo pia waliopenda kejeli iliyofichwa ndani yake. Duke na mwenzake wanahudhuria mkutano wa waendesha mashtaka kuhusu dawa za kulevya, hali wao wenyewe wamelewa, na mabingwa walio jukwaani hawatambui lolote. Kejeli hiyo ina haki yake. Ni mara ngapi tunahutubia juu ya ulevi, na mlevi ameketi mbele yetu tusimwone?

Hata hivyo, moyo wa filamu hii tunauona mahali pengine, katika mkahawa mdogo usiku wa manane. Mhudumu, mwanamke aliyeigizwa na Ellen Barkin, yuko kazini. Gonzo anamtolea ujumbe wa aibu. Mama huyo anakasirika na kumkemea. Gonzo anachomoa kisu na kukata waya wa simu. Duke ameketi kimya, hasemi neno. Kisha wanaume wawili wanaondoka, naye anabaki na hofu yake.

Hapo kicheko kinakoma. Tangu mwanzo tulikuwa tumeketi ndani ya gari pamoja na walevi, tukiutazama ulimwengu kwa macho yao. Sasa, kwa dakika chache, tunasimama upande wa mtu ambaye hakuonja dawa yoyote, ila ndiye anayelipa gharama. Wahenga walinena kwamba mzaha mzaha hutumbua usaha. Nani katika mitaa yetu hamjui mke, mtoto au jirani ambaye amelipa deni la ulevi asiokunywa?

Ndiyo maana twaona kwamba kuingia kwa filamu hii majumbani kulikuwa na uzito wa pekee. Ukumbini picha hukupeleka itakako. Nyumbani uamuzi umo mkononi mwako: waweza kuiruka sehemu ya mkahawa ili urudi haraka kwenye vichekesho, au waweza kuisimamisha picha na kuutazama uso wa mama yule. Diski ni ile ile, bali watazamaji wawili huondoka na filamu mbili.

Filamu hii haiwafai watoto, na hatumwiti yeyote kuitafuta. Lakini vijana wengi wataiona, kwa ruhusa au bila ruhusa. Wazazi wanaokataza tu watapewa jibu la ukimya. Afadhali kuketi nao na kuuliza swali moja: yule mhudumu alikosa nini? Kijana akilijibu kwa dhati, atakuwa ameelewa jambo ambalo Duke, katika ukimya wake, hakuthubutu kulisema.