Mishororo Iliyopoteza Pumzi: Tajriba Yangu ya Kuhifadhi Mashairi katika Tarakilishi

Wahenga walinena kuwa mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kauli hii ilinirejea usiku mmoja chumbani mwangu Kiuu, mjini Ruiru, nilipofungua faili ya mashairi niliyoyakusanya Mombasa nikakuta maneno yote yapo, ilhali mashairi hayapo.

Nilikuwa nimeyachapa kwa XML, lugha ya kutilia matini lebo ambayo W3C iliipitisha rasmi mwezi wa Februari mwaka 1998. Kila ubeti niliupa lebo. Mishororo, hata hivyo, niliitenganisha kwa kuanza mstari mpya tu, na baina ya ukwapi na utao niliacha nafasi pana, pale mzee aliyenighania alipopumua. Maelezo yake kuhusu msamiati wa Kimvita niliyaandika kama maoni, yaani maandishi ya pembeni yanayokaa ndani ya faili bila ya kuwa sehemu ya matini.

Kisha nikaandika programu fupi kwa Python ili izitie beti nambari na kuhifadhi faili ile ile. Hapo nilijikwaa mara mbili. Kwanza, maktaba niliyoitumia, ElementTree, huyaacha maoni inaposoma faili isipoagizwa vinginevyo. Pili, kwa kupenda unadhifu, niliamuru programu ya kuhariri iipange faili upya. Nayo iliziona nafasi na mistari mipya kuwa pambo tu, ikazibana zikawa nafasi moja moja. Ubeti wa mishororo minne ukawa sentensi moja ndefu. Nakala nyingine sikuwa nayo.

Kanda ilinirudishia vituo vya sauti. Maelezo hayakuwamo, kwa kuwa mzee aliyatoa baada ya kinasa sauti kuzimwa. Nikampigia simu. Alipokwisha kuitikia shikamoo yangu na kunisikiliza, aliuliza: "Mwanangu, kwani ulidhani itajua bila ya kuambiwa?" Alinikumbusha mengi. Maneno mawili, hata yeye hakukumbuka tena alivyonifafanulia.

Swali lake lilinirudisha kwa wanakili wetu wa kale. Katika miswada mingi ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, ubeti mzima wa vipande vinne hukaa kwenye mstari mmoja, na vipande hutenganishwa kwa alama. Mnakili hakuitegemea nafasi tupu, mpaka aliuandika. Ndiyo maana leo tunaweza kuupiga chapa ubeti huo kwa mistari minne pasi na kuuharibu.

Nami sasa nafanya vivyo hivyo. Kila mshororo na kila kipande kina lebo yake, na maelezo yametoka kwenye maoni yakawa sehemu kamili ya matini. Panapolazimu kuhifadhi nafasi, naitangaza sifa ya xml:space kwa thamani ya "preserve", ingawa si kila programu huitii. Natumia lxml, ambayo huyabakiza maoni. Nahifadhi kwa jina jipya, kisha nalinganisha faili mbili kabla ya kuifuta ya zamani.

Wanafunzi wenzangu tunaoingiza fasihi yetu katika tarakilishi, tusidhani kwamba kuhifadhi herufi ni kuhifadhi shairi. Umbo ni sehemu ya maana, na mashine haina sikio la kuusikia mzani. Tusipoliandika, tutarejea ngamani na kukuta waliotughania wamesahau, au hawapo tena.