Zana Kuukuu

Kitu cha kale kina heshima mbili: ya kwanza ni ya umri, na ya pili ni ya kufaa. Heshima ya umri huja yenyewe, maana miaka haimwombi mtu ruhusa. Bali heshima ya kufaa hutafutwa kwa mikono. Fundi wa Mbinga anunuaye keekee ya umeme iliyochakaa, akailaza juu ya meza katika kibanda kilicho nyuma ya nyumba yake, anatafuta heshima hii ya pili.

Kazi yake haina umri mrefu katika nchi ile. Kwa miaka mingi miji ya Ruvuma ilipata umeme wa majenereta ya dizeli, na mafundi wengi, wa milimani na wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, walitegemea randa na misumeno ya mkono. Mwaka 2018 njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako iliiunganisha Songea na gridi ya taifa. Umeme ulipoenea, zana za mota zilipata thamani mpya. Na kwa kuwa zana mpya ni ghali, zilizotumika ndizo ziwafikiazo wengi.

Aghalabu mashine hufa kwa sababu ya kitu kidogo. Ndani ya keekee mna vipande viwili vya kaboni, visivyozidi ncha ya kidole, vinavyosukumwa na springi viguse duara la shaba lililo katika mhimili wa mota. Kaboni zikilika, mguso hukatika, cheche huruka, na mashine hunyamaza. Asiyejua huiita maiti. Ajuaye huifungua, hupuliza vumbi, husafisha shaba, huosha beringi, hutia grisi mpya, kisha hutafuta kaboni za kipimo chake. Wako wachongao kaboni kutoka katika betri kuukuu za tochi. Lakini kaboni hiyo haikutengenezewa kazi ile, na yaweza kuikwaruza shaba hata dawa ikawa ugonjwa.

Kwamba kidogo chaweza kukiangusha kikubwa, ufuko wa ziwa lile unao ushahidi wake. Mwezi wa Agosti 1914 meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo huko Liuli, mahali ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen. Waingereza walitokea ghafla katika meli yao Gwendolen, wakaiteka, wakaondoa sehemu za injini. Vipande vichache vilitoka, na meli nzima ikawa chuma kilichokaa ufukweni. Mwaka 1915 walirudi kuiharibu zaidi. Hata hivyo haikuwa mwisho wake: baadaye ilitengenezwa, ikarudi majini kwa jina la King George V.

Watu husema kuwa ya kale ni dhahabu. Katika zana za umeme msemo huu hauna budi kupimwa. Umeme wa Tanzania ni volti 230. Zana iliyotengenezewa kazi za ujenzi za Uingereza kwa volti 110, au ya Marekani ya volti 120, ikichomekwa hivi hivi yaweza kuungua mara moja. Tena zana nyingi za zamani zina mwili wa chuma. Zana ya namna hiyo, isipokuwa imewekewa alama ya miraba miwili, mmoja ndani ya mwingine, yataka waya wa ardhi. Na waya huo ndio ambao wauzaji wengi huukata wanapobadili plagi. Mpira wa waya ukipasuka ndani, mwili wote wa mashine hubeba umeme, na mkono ulioushika huwa njia ya kuupeleka ardhini.

Kwa hiyo fundi mwangalifu haichomeki zana yake ukutani mara ya kwanza. Huipitishia umeme katika balbu ya uzi: balbu ikiwaka kwa nguvu zake zote na mota haizunguki, kuna shoti. Lakini balbu haifichui kila hatari. Hupima pia kwa kipimo cha ukinzani kama umeme unavuja kwenda katika chuma. Hapo ndipo tabia yake inapojaribiwa kuliko ustadi wake. Ametumia fedha na usiku kadhaa. Rangi inang'aa, mota inaita vizuri, na kijana wa jirani anasubiri kuinunua ili aanze useremala. Kipimo kinasema kuna uvujaji kidogo. Kijana hatakiona kipimo, ataiona rangi. Fundi akinyamaza, atapata bei yake. Siku ya mvua, mikono ikiwa na jasho na sakafu ikiwa mbichi, kijana ndiye atakayelipa iliyobaki.

Mwenye haki huikataa bei hiyo, wala hatupi mashine. Wamatengo, katika kilimo chao cha ngoro, huyafyeka majani, huyapanga kwa mistari inayokatana, huyafunika kwa udongo unaochimbwa katikati. Majani yakaoza, yakalisha mazao. Vivyo hivyo mashine iliyokataliwa hutoa beringi zake, springi zake, swichi yake na gia zake, zikafufua nyingine. Fundi hupimwa kwa alizozifufua, na hupimwa zaidi kwa zile alizokuwa na ujasiri wa kusema kuwa zimekufa.