Mshono na Kamba ya Kuni

Mbwa wa msituni wa Walikale, mashariki mwa Kongo, habweki kama mbwa wa mjini. Akifurahi hutoa mlio mrefu unaopanda na kushuka, akikasirika hunguruma, na siku nyingi hapazi sauti kabisa. Ndiyo maana wawindaji wa huko humfunga kengele ya mbao shingoni kabla ya kuingia naye porini. Bila kengele, akishazama kwenye majani hujui tena aliko. Kahawa, mbwa wangu, ni wa ukoo huo: masikio yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, manyoya mafupi yenye rangi iliyompa jina. Mjomba wangu alinizawadia mbwa huyu mara tu alipoachishwa ziwa, nikamleta Mushaki, upande wa Masisi, nilikoolewa. Walikale na Masisi zinapakana, lakini safari ya kutoka huko kuja huku inakutoa kwenye miti mikubwa na joto la bonde la mto Lowa, inakupandisha hadi kwenye malisho ya ukungu na vilima vinavyopita mita 2,000. Alikotoka aliitwa mbwa wa kuwinda. Kwetu alijifunza ng'ombe.

Alipoingia joto kwa mara ya kwanza, madume walishuka kutoka kila kilima. Walipigana mbele ya lango letu usiku kucha, na asubuhi walikuwa bado wapo, wamechubuka, wakali, palepale watoto wanapopita kwenda shule. Mwenye kuishi vijijini anajua hofu hiyo ina jina: kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huupata kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaoumwa na mbwa anayeshukiwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Dalili zikishaonekana kwa mtu, hakuna dawa. Kwa hiyo veterineri aliyezoea kuja kwa ajili ya ng'ombe aliponiambia anaweza kumchanja Kahawa na pia kumtoa kizazi, sikuhitaji kubembelezwa. Alinieleza pia kwamba jike asiyetolewa kizazi anaweza, akizeeka, kujaa usaha tumboni na kufa kwa siku chache.

Majirani walishangaa. Kupasua mbwa, kwa pesa, wakati kuna watu hawana ada ya shule! Nawaelewa. Lakini watoto wa mbwa wasio na mwenyewe, waliotupwa kando ya barabara ya Sake, nao wana gharama, na anayeilipa mara nyingi ni mtoto anayeenda kuchota maji.

Upasuaji ulifanyika kwenye chumba tunachokamulia maziwa, juu ya meza tuliyoisugua kwa maji ya moto na javeli. Sitausimulia, ulikuwa mfupi, na kazi ilikuwa ya mtu anayeijua. Sehemu yetu ilianza alipofunga mkoba wake. Mbwa aliyepewa dawa ya usingizi hupoteza joto haraka, na Mushaki usiku ni baridi kweli. Tulimlaza ubavu, shingo imenyooka ili apumue vizuri, tukaweka karibu na mgongo wake chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa kitenge, mbali na jiko la makala, kwa sababu akiwa hajitambui anaweza kuungua bila kusogea. Veterineri alinifundisha kumfunua mdomo na kutazama ufizi: uwe wa waridi, ukiubonyeza kwa kidole unapauka, ukiuachia rangi irudi upesi. Ukibaki mweupe, huenda damu inavuja ndani, na hapo hungoji kupambazuke. Maji hatukumpa mpaka aliposimama mwenyewe bila kuyumba. Baadaye alipata bugali laini kidogo na mchuzi wa sambaza, akaramba sahani, akalala tena.

Ugumu ulikuwa kwamba halalamiki. Mbwa mwingine angelia ukajua. Huyu ilibidi kumsoma: mgongo umepinda kiasi gani akisimama, masikio yamelala au yamesimama, anageukia tumbo lake mara ngapi, anatetemeka wakati hakuna upepo. Nilianza kumtazama kwa namna ambayo sijawahi kumtazama kiumbe yeyote zaidi ya watoto wangu walipokuwa wachanga. Dawa ya maumivu tuliachiwa, ikiwa imepimwa kwa uzito wake, na onyo kali: tusimpe vidonge vya watu. Hili nalisema kwa sauti kwa sababu katika masoko yetu ibuprofeni na parasetamoli huuzwa hata kwenye meza za sabuni, na mtu mwenye huruma anaweza kudhani anasaidia. Ibuprofeni hutoboa tumbo la mbwa na kuharibu figo zake. Parasetamoli humuumiza ini na damu. Kidonge kimoja cha huruma kinaweza kumuua mbwa mdogo.

Asubuhi na jioni nilimgeuza chali taratibu nikaangalia mshono. Ngozi ya tumbo ilikuwa imenyolewa, ya kijivu na laini ajabu, na katikati mstari wa nyuzi usiozidi urefu wa kidole changu. Wekundu kidogo na uvimbe mdogo siku za mwanzo ni kawaida. Majimaji yanayonuka, joto, kingo zinazoachana, hayo si ya kungoja. Na asirambe. Watu wengi huamini mate ya mbwa ni dawa. Ukweli ni kwamba ulimi wake unakwangua nyuzi na kupanda vijidudu. Kola ya plastiki ya madukani hatukuwa nayo, basi mwanangu mkubwa alikata bidoni ya njano ya lita 5, akatoa kitako, akazungushia kitambaa kwenye kingo zisimkate, akamvisha shingoni. Kwa siku mbili Kahawa aligonga kila mwimo wa mlango. Usiku tulimvua bidoni tukamvisha singleti ya mtoto, miguu ya mbele ikipita kwenye matundu yake, tumbo limefunikwa.

Halafu ikaja siku ya nne, na hapa ndipo nilipojifunza jambo lililonifanya niandike.

Siku ya nne Kahawa alikuwa mzima. Hivyo ndivyo yeye alivyoona. Macho yamefunguka, mkia umerudi juu, alisikia ng'ombe wakitoka zizini akataka kuruka ukuta. Veterineri alikuwa ametuonya: siku mbaya si ile ya kwanza, ni ile mgonjwa anapojisikia vizuri. Ngozi hujishika mapema. Nyama ya tumbo iliyo chini yake huchukua wiki nyingi kurudisha nguvu, na katika siku za mwanzo kinachozuia matumbo yasitoke ni uzi tu. Siku 10 hadi 14 bila kukimbia, bila kuruka, bila kuoga. Nje anatoka kwa kamba fupi, anajisaidia, anarudi.

Agizo hilo hakupewa Kahawa, kwa kuwa asingelielewa. Tulipewa sisi. Na siku ile nyumba yote ilijipanga upya kwa ajili yake. Mchungaji alikubali kupeleka ng'ombe bila mbwa, akatembea mara mbili zaidi. Watoto waligawana zamu za kumtoa. Mume wangu, ambaye hakuupenda mpango huu tangu mwanzo, ndiye aliyekuwa akikagua lango kila jioni kama limefungwa.

Mama mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye kigoda akichambua maharagwe, akitutazama. Akasema, bila uchungu wowote katika sauti yake, "Mwanangu, huyu mbwa ana watu."

Nikamwambia, "Ndiyo, mama, daktari amesema apumzike."

"Na mimi daktari aliniambia nipumzike," akasema. "Waliponipasua kumtoa mume wako. Aliniambia nisibebe kitu. Hakuniambia nani atabeba."

Akanieleza. Alirudi nyumbani, maji yalikuwa chini kwenye kijito na kuni zilikuwa juu kilimani, na kamba ilikuwa imetundikwa palepale ilipokuwa. Wanawake wa Masisi hubeba mzigo mgongoni, kamba ikipita kwenye kipaji cha uso, na mzigo wa namna hiyo unavuta tumbo zima. Alibeba. Mshono ukafunguka, akaufunga kwa kitenge, akaendelea kubeba. Mpaka leo, mvua ikikaribia, anajishika hapo. Nimeishi naye miaka mingi na nimemwona akijishika. Nilidhani ni mazoea tu ya uzee. Hakuwahi kulalamika, na hakuna aliyemsoma.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya kupumzika. Tunalizungumza neno hilo tukimwelekea mgonjwa: pumzika, jihurumie, usijichoshe. Tunamwachia yeye jukumu ambalo halimo mikononi mwake. Kahawa alipumzika kwa sababu kazi yake ilifanywa na wengine, na mlango ulifungwa na mwingine, na hamu yake mwenyewe ya kuinuka ilizuiwa na mwingine. Mama aliyejifungua kwa upasuaji huambiwa kwa karibu wiki 6 asiinue kitu kizito kuliko mtoto wake. Mwanamke aliyetengenezwa fistula ya uzazi, na hospitali za kwetu kama HEAL Africa ya Goma na Panzi ya Bukavu zimefanya kazi hiyo kwa wengi, huambiwa miezi kadhaa bila mizigo mizito na bila kulala na mume. Daktari mpasuaji anaweza kufanya kazi nzuri kuliko zote, kisha kazi hiyo ikaharibiwa na bidoni moja ya lita 20. Huko Walikale, teritwari ya kilomita za mraba 23,475 na barabara zinazomezwa na matope, mwanamke akirudishwa nyumbani nyuma ya pikipiki, motari akimshusha na kugeuza, nani aliyesimama pale kumpokea mzigo?

Sisemi mbwa alipewa zaidi ya alichostahili. Alipewa sawasawa. Ninasema tulijua jinsi ya kufanya, bila semina na bila mradi, na tulikuwa tunajua siku zote.

Nyuzi zilitolewa wakati wake. Kahawa alipofunguliwa kamba alikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe, na kovu lake leo halionekani usipolitafuta kwa kidole.

Mwezi wa Februari 2023 vita vilifika Mushaki. Tulishuka kwa miguu hadi Sake, Kahawa akiwa nasi, kisha tukapokelewa na ndugu mtaa wa Ndosho, Goma. Wifi yangu hakupata nafasi hiyo. Alikaa kambini Bulengo, chini ya hema la plastiki juu ya mawe ya volkano, na huko akapata uchungu, akajifungua kwa upasuaji. Kambini maji yalikuwa foleni na kuni zilikuwa hatari. Wanawake walikuwa wakiingia hadi ndani ya mbuga ya Virunga kutafuta kuni za kupikia au za kuuza, na wengi walibakwa huko. Siku chache baada ya kutoka hospitali, wifi yangu alikuwa ameshatoa kamba yake.

Mama mkwe aliichukua. Aliikunja, akaiweka ndani ya mfuko wake, akatoka kwenda kuwatafuta wanawake wa kilima chetu waliokuwa wametawanyika kambini. Sikuwahi kumwona akitembea haraka hivyo. Kufikia jioni walikuwa wamepanga: huyu foleni ya maji asubuhi, yule jioni, huyu nepi na kufua. Kuni waliamua zisifuatwe porini kabisa kwa ajili yake. Kila mmoja angetoa kidogo, wanunue makala pamoja. Walianza na mzazi mmoja. Wengine waliposikia, wakaja na wao.

Februari 2025 kambi zilibomolewa, watu wakarudi Masisi kwenye nyumba zisizo na mabati na mashamba yaliyokuwa pori. Kila mtu alikuwa na kazi ya watu watatu, na ndio wakati ambao mwanamke mwenye mshono husahauliwa kwanza. Akina mama wa kilima chetu hawakuuacha mpango. Sasa, kabla mzazi aliyepasuliwa hajarudi nyumbani, wawili kati yao humfuata palepale alipojifungulia, na mbele ya watu wake wanauliza nani atachota maji, nani atatafuta kuni, na mpaka lini. Hawaridhiki na jibu la "tutaangalia". Wanataka majina, na wanayaandika kwenye daftari la mtoto wa shule. Ni kazi ya kusumbua, kuna familia huchukia kuulizwa, na kuna vilima ambako hatujafika. Lakini daftari limeanza kujaa, na siku hizi, katika baadhi ya kurasa, jina la kwanza kwenye mstari wa kuni ni la mume.