Staa wa Bongo Movie na Mlio wa "Kok Kok" Kwenye Rav4 Yake

Kuna mdada mmoja wa Bongo Movie, jina kapuni, anasukuma Rav4 ya mwaka 2002, ile wabongo wanayoiita Kilitime. Kwenye picha gari inang'aa balaa. Ila majirani zake wanaujua ukweli: akikaribia tuta tu wanamsikia kabla hawajamwona. Kok kok! Kok kok!

Maneno yakaanza. Oh, staa gani anaendesha mkweche, si auze tu. Kuuza hawezi, maana filamu siku hizi hazilipi kihivyo, na gari hiyo hiyo ndiyo inampeleka mama yake kliniki ya presha kila mwezi. Akachagua dawa ya aibu: miezi mitatu mfululizo, akifika kwenye tuta anaongeza sauti ya redio.

Fundi wa kwanza hata jeki hakushika. Alisikiliza, akasema "dada, shokapu zimekufa hizo." Akafunga shokapu used pea moja, laki mbili na nusu ikaenda. Siku ya pili mlio uko palepale! Halafu usukani unavuta kushoto, na tairi la mbele kushoto linalika upande wa ndani.

Mdogo wake ndiye akamvuta mpaka kwa mzee mmoja, gereji ya Ilala. Jumamosi yake alikuwa na safari ya Moro na mama.

Mzee hakuwa na haraka. Akakandamiza boneti kwa nguvu, akaachia. Gari ikapanda mara moja, ikatulia. Kama shokapu imechoka, inadundadunda kwanza. Kwa hiyo huko hakuna kesi.

Akainua mbele, akaweka stendi, akashika tairi juu na chini akalitikisa. Likacheza. Akamwambia dogo wa gereji akanyage breki, akatikisa tena. Hapo ndipo penye siri: ukikanyaga breki mchezo ukaisha, mtuhumiwa ni beringi. Mchezo haukuisha. Akashika kulia na kushoto, tairi likakaa kimya, maana yake tairodi nzima. Mwisho akaingiza mtaimbo kwenye wishiboni, ule mkono wa chuma unaolishika tairi kwa chini. Bushi ilikuwa imepasuka, mkono unaenda mbele na nyuma. Ndiyo maana usukani unavuta na tairi linalika.

"Binti, bushi inakupigia kelele tu," mzee akamwambia. "Ila hii boljointi ikichomoka ukiwa spidi, tairi linalala, usukani hauna kazi tena. Ulitaka kwenda wapi na hii?"

Mdada akasema Moro, na mama. Mzee akatikisa kichwa tu.

Dogo akaleta wazo la bushi za kuchonga za mpira wa tairi, bei chee. Mzee akagoma. Zikanunuliwa mpya Kariakoo, kulia na kushoto, boljointi na bushi. Boljointi ikafungwa na spilipini yake mpya, siyo kipande cha waya. Na nati za bushi hakuzikaza gari ikiwa juu. Aliishusha kwanza ikae kwa uzito wake ndiyo akakaza. Ukizikaza magurudumu yakiwa yananing'inia, mpira unakaa umejikunja, na hauchukui muda unapasuka tena. Kumaliza, wakaenda kupima alaimenti.

Vyote hivyo na ufundi, pesa haikufika hata ile ya shokapu. Safari ya Moro ilisogezwa wiki moja. Mama alinuna kidogo, akaambiwa sababu, akanyamaza.

Mjini hapa mtu anachekwa kwa gari kuwa la zamani, wakati uzee wa gari haujawahi kuwa kosa. Rav4 ya zaidi ya miaka 20 iliyokaguliwa chini inaweza kuwa salama kuliko gari jipya ambalo mwenyewe anajua kuosha tu. Mdada alikuwa anauonea aibu mlio uliokuwa unamwonya. Walioucheka nao, hakuna hata mmoja aliyemwambia "hebu angalia boljointi."

Kwa hiyo wewe unayezima kelele za gari kwa mziki, punguza sauti leo. Pita kwenye tuta taratibu, sikiliza. Halafu mtafute fundi anayeshika jeki kabla hajashika pesa yako.